Asahel Purdy na Jumapili Aliyolikalia Gogo

Jumamosi hii, tarehe 29 Novemba 1856, Ndugu Asahel Purdy anakabidhi mpini wa chuma na funguo za nyumba ya mtunza lango hapa Haskellport, baada ya kuutumikia Mfereji wa Erie kwa miaka thelathini. Aliajiriwa mwaka 1826, kuta za mfereji zikiwa bado zinanuka udongo mbichi, na tangu wakati huo kila mashua iliyopita mji huu imepita mikononi mwake, isipokuwa katika msimu mmoja ambao ofisi ilimsimamisha kazi. Nitaufikia msimu huo. Najua ndio uliowajaza watu ukumbini leo.

Mimi niliyepewa kuandika wasifu huu ni Orrin Sprague, msaidizi wake tangu mwaka 1838. Kamati ya chakula iliniomba niandike kwa lugha safi, nisiguse siasa, na nisiwachekeshe watu kabla ya sala. Lugha safi nitajitahidi. Hayo mengine mawili hayawezekani kama nitamweleza Asahel kwa ukweli.

Alizaliwa Connecticut, akaja huku na sururu begani pamoja na vijana waliouchimba mfereji wenyewe. Kazi ilipokwisha wenzake walielekea magharibi kutafuta mashamba, yeye akaomba lango. Kazi ya lango ukiitazama kwa mbali utaiona nyepesi. Mashua inaingia kwenye chumba cha mawe, milango inafungwa nyuma yake, maji yanafunguliwa kwa mpini wa chuma, mashua inapanda au inashuka, kisha watu wawili, kila mmoja upande wake, wanasukuma kwa mgongo gogo refu lililofungwa juu ya mlango mpaka mlango ufunguke. Mmoja asiposukuma, mashua haiendi popote. Naomba msomaji alikumbuke hilo.

Katika miaka yake ya mwanzo Asahel hakuwa mtu wa kuandikiwa wasifu. Alikunywa wiski kama mtu anayeogopa itaisha, na kwa matusi hakuwa na mpinzani toka Albany mpaka Buffalo. Manahodha wa zamani wanasema matusi yake yalikuwa na utaratibu: alianza na nyumbu anayevuta mashua, akaja kwa mwenye nyumbu, akamalizia na chama ambacho mwenye nyumbu alikipigia kura. Wengine walipunguza mwendo makusudi ili wamsikilize.

Kisha ikaja baridi ya 1831. Huku kwetu mfereji hukaushwa wakati wa baridi, na watu wake hukaa bila kazi hadi barafu iyeyuke. Mhubiri mmoja aitwaye Loomis alikuja kwa wiki moja, akakaa mpaka Machi. Wachungaji wetu wa zamani walikuwa wamefundisha kwamba Mungu ameshachagua watu wake na mwanadamu hana la kuongeza. Loomis alisema uamuzi ni wako wewe uliyekaa hapo, na ni wa leo. Maduka yalifungwa mchana watu waende kusali. Mwenye kiwanda cha pombe alitoboa mapipa yake mwenyewe kwa shoka, na nguruwe wa jirani walioilamba wakalala siku mbili.

Loomis alikuja na mambo mawili ambayo yaliwakera sana wazee. La kwanza lilikuwa benchi. Aliliweka mbele kabisa ya kanisa, tupu, na yeyote aliyeguswa moyo alitakiwa anyanyuke, apite mbele ya jirani zake wote, akalikalie. Watu waliliita benchi la wasiwasi. La pili ni kwamba wakosefu waliombewa kwa majina, kwa sauti, wakiwa wamo humo humo ndani, na wanawake waliruhusiwa kuomba mbele ya wanaume. Hapo ndipo mke wa Asahel, Mehitable, mwanamke mdogo wa umbo ambaye watu hawakuwahi kusikia sauti yake zaidi ya salamu, alisimama.

"Bwana," alisema, "namleta kwako Asahel Purdy, mume wangu. Yuko pale nyuma ya jiko la kuni, amejificha. Unamjua. Unajua na chupa iliyo chini ya gogo."

Shemasi Lyman Thurber, ambaye kanisa letu lilimsikiliza kuliko mchungaji, alisema kwa sauti kwamba mwanamke anyamaze kanisani. Mehitable hakunyamaza, aliendelea mpaka kwenye matusi na utaratibu wake. Asahel alitoka nyuma ya jiko akaenda kulikalia benchi. Mwenyewe husema aliona afadhali kwenda mbele kuliko kuyasikia yaliyobaki, lakini mimi nimefanya naye kazi miaka kumi na minane na nasema kilichotokea kwenye benchi lile kilikuwa cha kweli. Hakugusa tena pombe. Matusi pia aliyaacha, jambo lililoleta hasara ya muda mfupi kwenye mfereji, kwa kuwa nyumbu waliozoea kuondoka wakitukanwa walisimama tu wakimtazama.

Mimi si mtu wa kanisa, na nimepigia kura chama cha Demokrati tangu nilipopata haki ya kupiga. Lakini nina macho. Kabla ya baridi ile, mtu wa hapa alipiga kura kama baba yake alivyopiga, akanywa glasi aliyonunuliwa na mgombea, akarudi nyumbani. Baada ya baridi ile watu walianza kuwauliza wagombea maswali. Unakunywa? Utaacha barua ziendelee kubebwa Jumapili? Una msimamo gani kuhusu utumwa? Mtu akishaambiwa kwamba anaweza kuamua hatima ya roho yake mwenyewe, hutaweza tena kumwambia anyamaze kuhusu leseni ya baa. Baa yenyewe ndiyo ukumbi huu tuliokaa leo, na ndiyo maana kando ya maharage, nyama ya nguruwe na pai ya boga kuna mitungi ya maji. Sisi tusiookoka tumelivumilia hili miaka ishirini na mitano na tunaomba litambuliwe. Akina mama nao, waliojifunza kusema mbele ya wanaume kwa kuwaombea waume zao, hawakuishia hapo. Kikundi cha maombi cha jikoni kwa Mehitable kilianza kwa kumwomba Mungu dhidi ya utumwa, na miaka michache baadaye kikaliomba Bunge pia.

Jambo lililomtesa Asahel lilikuwa Sabato. Waliookoka walitaka mfereji usimame Jumapili. Walisema baragumu la mashua na kelele za lango vinaingia mpaka ndani ya mahubiri, na ni kweli, kanisa liko ng'ambo ya barabara tu. Ofisi ya mfereji ilisema lango hufunguliwa siku zote, na asiyetaka kufungua atoke kwenye nyumba ya ofisi. Shemasi Thurber alimwendea Asahel, akamwambia kwamba ndugu aliyeokoka hawezi kufungua lango siku ya Bwana. Asahel alimwomba muda wa kufikiri. Alikuwa bado anafikiri ulipofika msimu wa kipindupindu, mwaka 1832, miji ikawa inazifukuza mashua za wahamiaji kwa mawe. Jumapili moja ilikuja mashua imejaa Waairishi wagonjwa. Asahel aliifungulia, akawapa maji ya kunywa kwa mkono wake mwenyewe, na tangu siku ile alikata kauli kwamba mashua haitamsubiri Asahel Purdy siku yoyote.

Kanisa lilimtenga. Hakufukuzwa, maana kwetu hatuendi mbali hivyo, lakini aliondolewa kwenye Meza ya Bwana na kupewa kiti cha nyuma karibu na mlango. Kila Jumapili alikaa hapo na mkewe, baragumu likilia anatoka, analifungua lango, anarudi na viatu vimelowa. Mkate ulipopitishwa ulimpita. Hakulalamika hata mara moja, ila niliona kwamba Jumatatu zilizofuata Meza ya Bwana hakuwa na maneno. Hali hiyo ilidumu karibu miaka ishirini.

Sasa nifike kwenye Juni 1851. Mwaka uliotangulia, Bunge kule Washington lilikuwa limepitisha sheria mpya kuhusu watumwa waliotoroka. Huku kwetu utumwa ulishakwisha, lakini kwa sheria ile mwenye mtumwa aliweza kutuma watu wamkamate hata hapa, na kila raia alipaswa kusaidia. Aliyezuia alikabiliwa na faini ya dola elfu moja na jela. Mji uligawanyika. Shemasi Thurber, ambaye aliuchukia utumwa kimoyomoyo lakini alichukia fujo zaidi, aliwafungia mlango wa kanisa wahubiri waliokuja kuupinga, akisema nyumba ya Mungu si jukwaa la siasa.

Jumapili moja ya mwezi ule watu wote walikuwa kanisani. Asahel alikuwa nje nami kwa sababu mashua ya unga ilikuwa imetoka kupita. Baragumu lilisikika tena kutoka magharibi, tukanyanyuka, kila mtu akaelekea kwenye gogo lake. Ilikuwa mashua ya nahodha Kessler, mtu wetu wa siku nyingi. Juu yake walikaa wanaume watatu wenye makoti meusi, na katikati yao, mikono ikiwa kwenye pingu, Lemuel Gaines.

Lemuel alikuwa msokota kamba wa mji wa Corbett, upande wa juu wa mfereji. Alikuwa ameishi pale zaidi ya miaka kumi tangu atoroke utumwa kusini, ana mke, Hannah, na watoto wawili, na nyumbu wengi wa eneo hili walivuta mashua kwa kamba zake. Hata mashua iliyombeba siku ile ilivutwa kwa kamba aliyoisokota mwenyewe. Waliomkamata hawakumpeleka kwenye treni kwa kuwa stesheni huwa na watu. Walichagua mfereji, na walichagua Jumapili, kwa kuwa mji wenye dini kama wetu saa hiyo huwa ndani umefumba macho. Wakishavuka lango letu wangeshuka mpaka Albany, na kutoka Albany meli ingempeleka kusini, na mkewe asingemwona tena.

"Asahel," Lemuel alisema, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya katani, "Hannah hajui wamenipitishia njia gani. Akija kuuliza, mwambie."

Asahel alikuwa na mpini wa chuma mkononi, ule wa kufungulia maji, na ulikuwa mmoja tu. Alimtazama Lemuel. Kisha akauweka mpini juu ya gogo lake, akaukalia, akakunja mikono.

Mkubwa wa wale watatu, mtu wa mbali aitwaye Stroud, alisimama kwenye mashua. "Wewe mzee. Fungua."

"Leo Sabato," Asahel alisema.

"Nini?"

"Siku ya Bwana. Lango halifunguliwi."

Kessler alicheka. "Asahel, acha masihara, bwana. Jumapili iliyopita si umenipitisha hapa hapa? Tena ukanipa na tumbaku."

"Jumapili iliyopita nilikuwa mwenye dhambi."

"Mfereji mzima unajua unafungua kila Jumapili," Stroud alisema. "Miaka ishirini."

"Ndiyo uone nilivyochelewa kutubu."

Stroud aliruka ukingoni, akamshika Asahel ukosi wa koti akamvuta. Asahel ni mtu mzito, na aliyesukuma gogo miaka yote ile haondolewi juu yake kwa mkono mmoja. Stroud alimwachia, akanigeukia mimi.

"Na wewe? Una dini?"

"Sina, bwana."

"Vizuri. Njoo ufungue."

Nilimweleza kwa heshima zote kwamba mimi ni msaidizi tu, kwamba gogo langu bila lile la pili ni kama mkasi wenye jino moja, na kwamba mpini wa maji umekaliwa na bosi wangu, ambaye kuanzia asubuhi hii ni mtu wa Sabato. Dola elfu moja sijawahi kuziona, na jela ya kaunti naijua.

Stroud alitoa bastola. Hakumwelekezea mtu, aliishika tu chini kando ya paja ili tuione. Akamwambia Kessler, "Piga hilo baragumu. Piga mpaka atokee mtu mwenye akili katika mji huu."

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mwenyeji asingelifanya. Kanisani, mchungaji alikuwa kwenye sala ndefu. Waumini wale walikuwa wamesikia kila Jumapili baragumu, kisha mlio wa lango, kisha kimya, na Shemasi Thurber akiguna kila mara. Siku ile baragumu lililia na mlio wa lango haukufuata. Likalia tena, na tena. Mehitable aliniambia alidhani mumewe ametumbukia. Alinyanyuka katikati ya sala akatoka. Shemasi alitoka nyuma yake amekunja uso, na nyuma ya Shemasi likatoka kanisa zima, maana sala ilikuwa ndefu kweli.

Shemasi hakuitazama mashua. Alikwenda moja kwa moja kwa Asahel akiwa amejaa hasira ya miaka. "Asahel, hii sasa imezidi. Mchungaji kashindwa kumaliza sala. Hebu wafungulie hao watu waende, tupumzike."

Asahel aliinua macho. "Shemasi, unaniambia nifungue lango Jumapili?"

Watu waliokuwa nyuma waliuliza kasema nini, wakaambiwa. Ndipo Shemasi akaitazama mashua, akamwona Lemuel na pingu zake.

Stroud aliiona nafasi yake. "Shemasi, wewe naona ni mtu wa sheria. Nina hati ya serikali. Mwambie mtu wako asimame hapo."

Nimemtania Shemasi Thurber kwa miaka mingi na nitamtania tena kabla jioni hii haijaisha, lakini nilikuwa karibu naye na niliuona uso wake, na sitasema alilopitia lilikuwa dogo. Alikuwa mtu aliyeamini sheria na Sabato kwa uzito uleule, na hakuwahi kufikiria kwamba siku moja vitasimama pande mbili za lango moja. Alivua kofia.

"Mimi mwenyewe nilimtenga mtu huyu kwa kulifungua lango hili Jumapili," Shemasi alisema. "Sina mdomo wa kumwambia leo afungue."

"Basi nitamwondoa mimi," Stroud alisema, na sasa bastola ilipanda.

Mehitable hakupiga kelele. Alipiga magoti palepale kwenye njia ya nyumbu, kwenye samadi, na gauni lake la Jumapili. Nilijua anachotaka kufanya kabla hajafungua mdomo. Wote tulijua, na wale wenye umri waliinamisha vichwa.

"Bwana," alisema, "namleta kwako Nathan Wheelock, mtoto wa Dorcas."

Mmoja wa wale wawili waliobaki kwenye mashua aliruka kama aliyechomwa mwiba. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja hivi, ametokea mji wa jirani, na alikuwa amejitahidi toka mwanzo kutuelekezea kisogo.

"Unamjua, Bwana. Mama yake alimlilia jikoni kwangu, baridi ile, Nathan akiwa anatambaa chini ya meza. Alikuomba usimwache aje kuwa mtu mgumu. Dorcas hayupo tena wa kukuomba, kwa hiyo naomba mimi. Mtazame Nathan mikono yake leo inashika nini. Namleta na huyu Stroud. Jina lake la kwanza silijui, wewe unalijua. Akimpiga risasi Asahel, usimwache Stroud, maana atakuhitaji zaidi."

Mwanamke mwingine alipiga magoti, akaanza na jina la Nathan. Kisha wa tatu. Punde ukingo mzima ulikuwa chini, wanaume kwa wanawake, wengine wakiomba kwa nguvu na wengine kwa kunong'ona, na jina likawa lilelile. Shemasi Thurber, aliyemnyamazisha Mehitable mwaka 1831, alipiga magoti kando yake. Waliobaki wamesimama walikuwa Stroud na bastola, Kessler na baragumu, na mimi, kwa kuwa sikujua niweke wapi mikono yangu.

Nathan Wheelock alishuka kwenye mashua. Stroud alimwita jina mara mbili. Nathan alipita mbele ya watu wote wale, uso umelowa, akafika kwenye gogo.

"Sogea kidogo, mzee," alimwambia Asahel.

Asahel alisogea, Nathan akakaa. Baada ya muda alitia mkono mfukoni akatoa ufunguo wa pingu, akauweka kwenye kiganja cha Asahel bila kumtazama. Mimi, ambaye sijawahi kulikalia benchi lolote la kanisa, nilielewa benchi la wasiwasi ni nini.

Akina mama walifika kwenye mashua kabla ya Stroud kuamua ampige risasi nani, na huwezi kuwapiga risasi wanawake arobaini wenye kofia za Jumapili. Lemuel alifunguliwa, akapita katikati yao. Alipofika mbele ya Kessler alisimama. "Hiyo kamba yako imechakaa karibu na fundo," alimwambia. "Ibadili, isije ikakatikia kwenye upepo." Kisha sketi zikamfunika, na sikumwona tena. Kabla ya wiki kwisha alikuwa ng'ambo ya ziwa, Kanada, na Hannah na watoto wakamfuata. Kila msimu unapofunguliwa hutujia bunda la kamba mpya kutoka upande ule. Ni kamba nzuri.

Asahel alishtakiwa. Ofisi ilimsimamisha, akatoka kwenye nyumba, na msimu uliobaki yeye na Mehitable walikula kwenye meza za watu waliokuwa wamemtenga. Kesi iliposikilizwa, wazee wa baraza la mahakama waliuliza swali moja tu: je, kuna sheria inayomwadhibu mtu kwa kushika Sabato? Hawakukubaliana, na kesi ikafa. Katika uchaguzi uliofuata, kila aliyetaka kura za Haskellport kwa cheo chochote kilichogusa mfereji aliulizwa kama atamrudisha Asahel Purdy, na aliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Shemasi Thurber, aliyesema siasa haina nafasi kanisani. Mfereji ulipofunguliwa tena Asahel alikuwa langoni. Nathan Wheelock sasa anauza mbegu na majembe, na leo yuko meza ya tatu, karibu na dirisha.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi kazini baragumu lililia. Asahel alitoka kanisani, akafungua lango, akarudi na viatu vimelowa. Shemasi aliguna.

Kanisa lilikwama hapo. Wengi walitaka arudishwe mezani, wengine wakauliza atarudishwaje mtu ambaye bado anafanya kosa lilelile alilotengewa. Wamebishana miaka mitano. Wiki hii wameona kwamba mstaafu hana lango, na asiye na lango hana kosa. Kwa hiyo kesho, Jumapili, Ndugu Asahel atakaa kanisani kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na mkate utakapopitishwa hautampita. Shemasi Thurber, ambaye macho yake yamepungua sana, ameomba ampelekee yeye mwenyewe. Nilipomwambia Asahel habari hiyo alikwenda kulikagua gogo ambalo halikuwa na tatizo lolote, akakaa huko muda.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa sehemu hii ya mfereji, tunakushukuru, Ndugu Asahel, kwa miaka thelathini ya mgongo wako. Nawe Dada Mehitable, tunakushukuru, na tunakuomba utuombee, ila si kwa majina wakati tunakula. Nendeni mkapumzike katika nyumba isiyo na baragumu, afya njema iwafuate, na siku zenu zilizobaki ziwe nyingi na tulivu.

Kuanzia kesho mpini ninao mimi. Nitafungua Jumapili kama ulivyofungua, na Shemasi ataguna. Lakini ikija tena mashua ya namna ile, hata ikija Jumanne mchana, siku hiyo hapa Haskellport ni Sabato.

Orrin Sprague,
mtunza lango